Nilishindwa kumnyanyua mama kutoka sakafuni

Shikamoo Dada Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 44, naishi Pasua hapa Moshi. Ni karani wa hesabu kwenye chama cha akiba na mikopo. Naingia saa mbili asubuhi, nakaa kwenye kiti mpaka saa kumi na moja jioni. Kilo zangu ni 79. Majibu yako kwa wengine nimeyasoma siku nyingi, sikujua iko siku na mimi nitakuandikia.

Mwaka jana mama yangu mzazi alipata kiharusi. Tulimtoa Kibosho tukamleta kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu na hospitali. Upande wa kushoto umelegea, mkono zaidi kuliko mguu. Anatembea kwa fimbo na kushika ukuta, anakula mwenyewe, akili yake iko sawasawa. Kila siku namnyanyua: kitandani, kwenye kiti, chooni. Mchana yupo dada wa kazi, lakini asubuhi na usiku ni mimi. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akirudi anakaa siku mbili tatu anaondoka.

Jumapili moja mwezi uliopita, dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao na watoto walikuwa kanisani. Mama anatoka bafuni, mguu ukateleza, akashuka taratibu na ukuta mpaka akakaa kwenye simenti. Hakuumia. Nikamshika kwapani nimnyanyue, nikashindwa. Nikajaribu tena, nikashindwa. Mara ya tatu mgongo ukalia "ka", nikakaa chini pembeni yake. Tukakaa pale wawili tumeegemea ukuta, dakika arobaini, mpaka kijana wa jirani alipotoka misa ya pili. Tukiwa pale chini mama akanigeukia akasema, "Pole mwanangu." Yeye ndiye yuko chini, na ndiye ananipa pole mimi.

Dada, huyu ni mama aliyekuwa anapandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani kutoka bondeni, na mkungu wa ndizi juu yake. Akiwa na umri huu nilio nao alikuwa anachota maji mferejini ndoo kwa ndoo. Mimi mwanawe sikuweza kumtoa sakafuni.

Wiki ile ile nikajiandikisha jimu moja mjini, elfu arobaini kwa mwezi. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, lakini hakuniuliza kitu. Akaniweka chuma begani, nichuchumae mara ishirini, nipumzike kidogo, ishirini tena, raundi tano. Halafu kuruka. Halafu kulala na kusukuma chuma kifuani. Nilitapika. Kesho yake na keshokutwa sikuweza kukaa chooni bila kushika mlango. Akaniambia pia bila kununua kopo la poda ya protini nitakuwa napoteza muda. Sikurudi.

Wifi yangu amesikia, akapiga simu kabisa kunionya kwamba mwanamke wa umri wangu akibeba vyuma anaota mikono ya kiume, na kizazi kinashuka. Na mimi mwenyewe nina hofu zangu. Nikichuchumaa magoti yanalia kama mtu anakanyaga majani makavu. Presha walinipima zahanati wakakuta 138 kwa 88, wakasema niiangalie.

Sitaki kupungua ili nivae gauni. Nataka nguvu. Nimechelewa? Na kama sijachelewa, nianzie wapi?

Binti wa Kibosho, Pasua

*

Marahaba mdogo wangu. Pole ya mgongo, na pole ya zile dakika arobaini. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mama alipokugeukia.

Hujachelewa. Nitafika huko. Lakini misuli inachukua wiki na miezi, na mama anaweza kuteleza kesho, kwa hiyo tuanze na sakafu.

Mtu mzima aliyelegea hanyanyuliwi kutoka chini na mtu mmoja. Hukushindwa kwa sababu wewe ni dhaifu. Ulijaribu jambo ambalo hata muuguzi mwenye miaka ishirini kazini hashauriwi kulijaribu peke yake. Kumshika kwapani ndiko kulikoumiza mgongo wako, na kungeweza kumuumiza yeye zaidi. Bega la mtu aliyepata kiharusi limeshikwa na misuli iliyolegea, ukilivuta linateguka kwa urahisi. Mkono ule wa kushoto usivutwe kamwe, hata kwa kumsaidia kuvaa.

Siku akianguka tena, kwanza mwangalie. Kama amegonga kichwa, au nyonga inamuuma, au mguu mmoja umeonekana mfupi na umepinda kwa nje, usimsogeze. Mfunike asipate baridi, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tafuta msaada wa hospitali. Kama yuko salama, acha apumzike kidogo, halafu lete viti viwili imara, vya mbao, si vile vya plastiki vinavyoteleza. Msaidie ageukie upande wake wenye nguvu, wa kulia. Ajiegemeze kwenye kiwiko, halafu kiganja, halafu apige magoti. Kiti cha kwanza kiwe mbele yake, aweke mkono wa kulia juu ya kikalio chake. Sasa alete mguu wa kulia mbele, unyayo wote ukanyage chini. Wewe uko upande wa kushoto, umemfunga kanga kiunoni ikakaza vizuri, na hiyo kanga ndiyo unayoshika, si mkono wake. Mhesabie tatu, asukume kwa mguu na mkono, wewe unaongoza nyonga tu, na kiti cha pili unakivuta kinaingia nyuma yake anakaa. Kazi kubwa anaifanya yeye.

Usiyafanye haya kwa mara ya kwanza siku ya ajali. Mkienda kliniki, KCMC au Mawenzi, omba mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe wewe, si mama peke yake, tena mfanye mbele yake. Yeye anaujua mguu wa mama kuliko mimi. Akisema mama hawezi kupiga magoti, basi jibu la sakafu linabaki lile lile ulilolitumia: kumkalisha vizuri na kuita mtu. Hiyo si aibu. Namba ya yule kijana wa jirani iwe kwenye simu yako.

Nguvu unazozitafuta ni za yale mengine, ya kila siku. Kitandani, kwenye kiti, chooni, mara nane kumi kwa siku. Huko ndiko migongo ya wanaouguza inakoharibika, kidogo kidogo, na huko ndiko mazoezi yatakakokusaidia.

Kuhusu jimu. Yule kijana sidhani alikutakia mabaya, lakini alikosea, tena vibaya. Mtu aliyekaa kwenye kiti miaka mingi huwezi kumpa michuchumao mia moja yenye chuma siku ya kwanza. Angalia wagumu wetu wanaopandisha mizigo Kilimanjaro. Hakuna watu wenye miguu kama ile Tanzania hii, na bado getini mzigo wao unawekwa kwenye mizani, mwisho kilo 20. Kama mgumu ana kikomo, wewe siku ya kwanza ulitakiwa kuwa nacho pia.

Kuna jambo hukuliandika nami naliuliza kwa uzito: baada ya siku ile mkojo wako ulibadilika rangi? Misuli ikipigwa kupita kiasi kwa ghafla inavunjika, na uchafu wake unaingia kwenye damu unaziba figo. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi au soda nyeusi. Ikimtokea mtu, asinywe maji akasubiri, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwako umetaja maumivu ya kesho yake na keshokutwa tu, kwa hiyo nadhani ni yale ya kawaida, ambayo hupanda kesho yake na keshokutwa kisha hushuka. Lakini nataka ulijue hilo, na wanaosoma hapa walijue.

Sasa ndoo.

Huhitaji kulipa elfu arobaini. Unahitaji ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko, jagi la kupimia, fimbo ya fagio, na kiti. Lita moja ya maji ni kilo moja. Jimu nyingi hazina hatua ndogo kama hiyo, kwa sababu huko mara nyingi vyuma vinapanda kwa kilo mbili na nusu au tano, na ndoo yako inapanda kwa nusu lita. Wewe ni mtu wa hesabu, utaelewa haraka kuliko wengi kwamba siri yote iko kwenye hiyo nusu lita. Mwili hauongezi nguvu kwa kuteswa siku moja. Unaongeza kwa sababu wiki hii umeombwa kidogo zaidi ya wiki iliyopita, ukapewa chakula na usingizi wa kulipia.

Kabla ya kugusa maji jifunze kuinama. Simama, miguu upana wa nyonga. Ishike fimbo ya fagio nyuma yako wima, iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Sasa sukuma makalio nyuma kana kwamba mikono imejaa vyombo na unataka kufunga mlango kwa nyuma. Magoti yanalegea kidogo tu, kifua kinashuka. Fimbo ikiachia sehemu yoyote kati ya zile tatu, mgongo umepinda. Rudi juu uanze tena. Utasikia nyuma ya mapaja panavutika kama uzi. Hapo ndipo nguvu ya kunyanyua inapokaa, nyuma ya mapaja na kwenye makalio, na ndipo palipolala kwa mtu wa kiti. Uliponyanyua kwa mgongo uliopinda, kazi ya misuli mikubwa uliipa midogo.

Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja, mara kumi asubuhi ukisubiri chai ichemke, bila uzito wowote. Mgongo uliolia "ka" utakushukuru. Ila kama bado unauma ukishuka kwenye mguu, au kuna ganzi, usianze. Muone daktari kwanza. Na ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma au ukatoka bila wewe kujua, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili tia lita tano kila ndoo. Ziweke pembeni ya miguu yako, moja kulia moja kushoto. Kama huzifikii bila fimbo kuachia, zipandishe juu ya tofali. Mikono ya ndoo izungushie kipande cha kitenge, ule waya unakata vidole na vidole vikiuma mtu huacha zoezi akidhani amechoka. Inama kama ulivyojifunza, kaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukupiga kikofi tumboni, simama huku unatoa pumzi. Usizuie pumzi, kwa presha yako hilo ni la lazima. Mara nane, pumzika dakika mbili, mara nane tena. Basi.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu ni mepesi. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara nane, raundi mbili. Ukishuka hesabu tatu polepole. Kusukuma ukuta, viganja kimo cha kifua, mwili umenyooka. Ukuta ukiwa rahisi hamia kwenye ukingo wa meza nzito, na baadaye kwenye ngazi za barazani. Kuvuta kidumu cha lita tano: mkono mmoja kwenye kiti, mgongo umenyooka kama kwenye fimbo, mkono wa pili unavuta kidumu kuelekea kiunoni, halafu ubadili. Mwisho kabisa shika zile ndoo mbili utembee nazo uani, kwenda na kurudi, umesimama wima, dakika moja. Zoezi hili la mwisho watu wanalidharau. Ndilo linalofanana zaidi na maisha yako.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, Jumanne na Ijumaa kwa mfano, angalau siku mbili za kupumzika katikati. Dakika thelathini. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kama kutembea haraka. Kutembea ukikatiza mitaa kwenda kazini kunahesabika. Hapa kwetu nawaona wengi wanaamka Januari kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro za mwisho wa Februari, Machi raba zimeanikwa juu ya kabati. Wewe usinipe miezi miwili ya moto. Nipe Jumanne na Ijumaa.

Chukua daftari, kama unavyoandika la ofisini. Tarehe, zoezi, lita, mara ngapi. Ukiweza raundi zote mbili za mara nane, na mwishoni ungali na uwezo wa kurudia mbili au tatu, wiki inayofuata ongeza nusu lita kila ndoo. Nusu kulia, nusu kushoto, ni kilo moja. Ulianza na kilo 10. Ukiongeza kilo moja kila wiki, baada ya wiki kumi na mbili uko kwenye 22, na ndoo bado hazijajaa. Wiki umelala vibaya kwa kumuuguza mama, au uko kwenye siku zako na mwili mzito, rudia lita za wiki iliyopita. Daftari halikosi kitu. Asikudanganye mtu kwamba ukiruka wiki moja umeharibu.

Wiki tatu nne za mwanzo utaona lita zinapanda na mwili kwenye kioo ni ule ule. Usikate tamaa hapo. Misuli yenyewe haijanenepa bado. Mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo siku zote. Kunenepa kwa misuli kunakuja baadaye.

Magoti yanayolia bila kuuma wala kuvimba kwa kawaida hayana ugonjwa, ni mlio tu. Kama yanauma, panda kimo: weka mto au blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili usishuke sana, na kila wiki mbili toa kunjo moja. Goti linapenda kutumika. Likivimba au likikuachia ghafla, hapo ni daktari.

Hiyo 138 kwa 88 haikuzuii, na mazoezi ya aina hii kwa muda huwa yanasaidia kuishusha. Lakini kipimo kimoja cha zahanati hakitoshi, pimisha tena siku mbili tatu tofauti, ukiwa umekaa kimya dakika tano kabla. Siku ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, hakuna ndoo, ni daktari kwanza. Na ukiwa katikati ya zoezi kifua kikabana, au kizunguzungu, au pumzi ikakata isivyo kawaida, weka ndoo chini.

Nije kwa wifi, kwa sababu simu yake inaonyesha anakujali. La mikono ya kiume mwambie aondoe wasiwasi. Homoni inayojenga misuli minene, mwanamke anayo kidogo sana kuliko mwanaume; wanawake wanaonyanyua vyuma miaka na miaka kwa lengo hilo hilo bado wanahangaika kuipata. Na amkumbuke mama mkwe wake, au bibi yake, na mzigo wa majani kichwani. Kuna aliyewahi kusema wana mwili wa kiume? La kizazi ni swali la haki, na wanawake wengi hulibeba kimya. Kinachosukuma kizazi chini ni nguvu nyingi ya ghafla huku umezuia pumzi, hasa kwa aliyezaa na misuli ya chini ikalegea. Ndiyo maana nimesema nusu lita, na pumzi itoke unaponyanyua. Ongeza na hili: kila siku kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, hesabu tano, legeza hesabu tano, mara kumi, hata ukiwa kwenye kiti cha ofisi, hakuna atakayejua. Kama tayari unasikia uzito au kitu kinashuka, au mkojo unatoka ukikohoa, usione haya, mwone daktari wa wanawake kabla ya ndoo kuwa nzito.

Na umri ndio unaokutaka uanze sasa. Misuli ya mtu asiyeitumia inaanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na mwanamke akikoma hedhi mifupa nayo inapungua kwa kasi. Mfupa unaimarika ukibebeshwa mzigo. Miaka 44 ni wakati mzuri wa kuweka akiba, na hilo wewe unalijua kazini kwako.

Poda acha. Si sumu, lakini ni protini ile ile iliyo jikoni kwako, na kopo moja lina bei ya mayai ya miezi. Kwa kilo zako, ukipata gramu 80 mpaka 95 kwa siku unatosha. Yai moja lina kama gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi ni 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni kama 15. Nyama iliyopikwa ya kujaa kiganja, 25. Mayai mawili na maziwa asubuhi, kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi mchana, dagaa au nyama usiku na mtindi wako, umekaribia. Tatizo la wengi wetu ni kwamba asubuhi ni chai na chapati, mchana wali na mchuzi, na protini yote inasubiri usiku. Isogeze asubuhi. Mtori wa mama usiupikie mfupa mtupu, tia nyama, na mama naye ale. Mtu wa kiharusi anapoteza misuli haraka kuliko wewe.

Vaa viatu vyenye soli bapa na ngumu, raba za soko la Memorial zinatosha, au peku kama sakafu ni kavu. Ile sakafu ya bafuni, kabla ya yote haya, itandike mpira usioteleza na mwambie fundi afunge chuma cha kushika ukutani, kimo cha kiwiko cha mama. Chuma hicho kitamzuia kuanguka mara nyingi kuliko mikono yangu na yako.

Baada ya mazoezi maji usimwage, ni ya kufulia.

Kuna jambo moja zaidi. Jumanne ukianza, mtoe mama barazani umkalishe karibu. Umesema akili yake iko sawasawa. Mpe kazi ya kuhesabu. Wewe ukinyanyua ndoo, yeye ahesabu kwa sauti mpaka nane, na akiona mgongo umepinda akukemee. Aliyebeba mkungu miaka arobaini anajua mgongo uliopinda kuliko mimi. Akipenda kuhesabu kwa Kikibosho, ahesabu kwa Kikibosho. Baada ya wiki sita niandikie mko lita ngapi.

Dada Mwalimu